Lori Jeupe la Kona ya Simbo

Jumatatu, 1 Februari 2016

Mwalimu Eliudi amenipa daftari hili kwa sababu nimeongoza insha mwezi wa kwanza. Amesema niandike mpaka mvua za msimu huu ziishe, hata kama siku nyingine ni mstari mmoja, na niandike kilichotokea kabla ya ninachokifikiri. Nitajaribu.

Mimi ni Lyse, darasa la sita, kiranja. Tunakaa Simbo, upande wa juu wa barabara kuu, na shule iko upande wa chini. Baba na mama wako Mwamgongo, ziwani, kwenye uvuvi wa dagaa, na hurudi kwa boti mwisho wa mwezi, kwa hiyo tunalelewa na Nyogokuru. Ndivyo tunavyomwita bibi. Alikuja kutoka Burundi mwaka 1972 akiwa msichana, na maneno mengine hakuyaacha kule.

Mdogo wangu Mélanie ana miaka saba na ameanza darasa la kwanza. Akiwa na miaka mitatu aliugua homa ya uti wa mgongo. Sikio la kulia halisikii kabisa. La kushoto linasikia radi na ngoma ya kanisani. Magari hayasikii.

Wiki ya kwanza ya shule, lori la mahindi ya kambi ya wakimbizi lilitokea ghafla kwenye kona wakati Mélanie yuko katikati ya lami. Lilisimama hatua mbili kutoka kwake. Dereva alishuka, akakaa chini barabarani, akaomba maji. Mélanie alimpa chupa yake.

Nyogokuru aliposikia alisema, "Nampa mpaka Pasaka. Pasaka ikipita na hakuna kitu cha kuyasimamisha yale magari, Mélanie atabaki nyumbani na mimi."

Nyogokuru hana desturi ya kusema jambo mara mbili. Pasaka ni tarehe 27 Machi. Mélanie ameshajua kuandika jina lake lote, mpaka kile kialama cha juu.

Jumanne, 2 Februari

Mvua.

Alhamisi, 4 Februari

Mvua tangu Jumanne, kwa hiyo nieleze turubai.

Ni turubai jeupe la plastiki, lile wanalogawiwa wakimbizi. Nyogokuru alipewa na jamaa yake wa kambini. Lina urefu wa hatua sita na upana wa hatua nne. Upande wetu tuko watoto thelathini na wanne tunaosoma, na wenye miavuli ni wachache sana, kwa hiyo mvua ikinyesha sisi wengine wote tunaingia chini ya turubai na kutembea pamoja. Tunaliita lori.

Dereva ni Erica, wa darasa langu. Yeye peke yake anaona mbele. Mimi ni utingo, nakaa nyuma na kuhesabu watu. Mélanie anakaa katikati akishika mkanda wa sketi ya aliye mbele yake. Kabla ya kuondoka Erica anauliza, "Mzigo umekaa?" nasi tunajibu kwamba umekaa. Mlio wa injini unatolewa na darasa la pili. Hawakuagizwa na mtu.

Ukiwa ndani huoni chochote isipokuwa miguu. Naweza kumjua kila mtoto wa upande wetu kwa visigino vyake.

Jumatatu, 8 Februari

Leo wamekuja wageni kutoka mjini na mstarini tulisimama kimya kuliko siku ya mtihani.

Mmoja ni Mhandisi Christina, wa mambo ya barabara, mwenyeji wa Moshi. Wa pili ni Walter, kijana mwembamba mwenye sanduku jeusi. Ndani ya sanduku mna droni, ndege ndogo yenye mabawa manne yanayozunguka kama feni. Inapanda juu, inapiga picha, na Walter anaiongoza kwa mkono akiwa amesimama chini.

"Rubani asiyepanda ndege yake," Erica aliniambia pembeni. "Naye analipwa?"

Mhandisi alieleza kwamba magari yameongezeka tangu mwaka jana, kwa sababu ya mabasi yanayochukua wakimbizi kutoka ziwani na malori yanayowapelekea chakula. Mwaka huu ipo zebra, ile mistari ya kuvukia, na matuta ya sehemu moja tu. Ama kwenye kona ya shule, ama sokoni. Droni itahesabu kwa siku kumi: asubuhi kwetu, mchana sokoni.

"Kwa hiyo nawaomba kitu kimoja," alisema. "Msibadilishe chochote. Msipunge mkono. Msitazame juu. Nendeni shule kama mnavyokwenda siku zote."

Erica alinyoosha mkono. "Samahani, dada mhandisi. Tusipotazama juu, tutajuaje kama mnatutazama?"

Mhandisi alicheka. Mwalimu Eliudi hakucheka, lakini nilimwona akiuma mdomo.

Mimi nimeyaandika maneno yale kiganjani ili nisiyasahau. Kama siku zote.

Jumanne, 9 Februari

Wote walipunga mkono. Mimi nilitazama juu mara moja. Mwalimu Eliudi ametufagisha uwanja mzima.

Jumatano, 10 Februari

Mvua alfajiri, ikakatika saa moja kasoro. Tulikwenda na lori. Hakuna aliyepunga mkono maana hakuna aliyeona kitu.

Ijumaa, 12 Februari

Kuku wa kijiji wameikataa droni. Ikipanda tu, tetea wanalia kilio kile cha mwewe na vifaranga wote wanakimbilia uvunguni. Nyogokuru anaiita nyigu.

"Inataka nini hiyo nyigu?"

"Inatuhesabu, Nyogokuru."

"Mimi nimehesabiwa mara nyingi. Mpakani walituhesabu, kambini walituhesabu, wakaja wa uraia wakatuhesabu. Hesabu haijawahi kunishika mkono nivuke barabara."

Nilimwambia hii ni tofauti. Alisema ego, yaani ndiyo, lakini kwa sauti ile ya oya, ya hapana.

Wakati mwingine nadhani anataka Mélanie abaki nyumbani. Nimeandika ninachokifikiri. Kilichotokea ni kwamba alinigeuzia mgongo akaendelea kuchambua maharage.

Jumatatu, 15 Februari

Leo mvua ilikuwa imekatika kabisa tulipofika chini ya mteremko, na darasa la tatu wakataka kutoka.

"Lori halishushi abiria njiani," Erica alisema.

Wengine walinung'unika kwamba kuna joto na mtu mmoja amekula vitunguu. Nikaamua kama kiranja. Nikasema, mhandisi ametuambia twende kama siku zote, na siku zote kukinyesha alfajiri tunakwenda na turubai mpaka getini, kwa sababu miti nayo inadondosha maji. Walibaki ndani. Nilijisikia vizuri kwa sababu nilikuwa nimefuata agizo neno kwa neno.

Alhamisi, 18 Februari

Mvua alfajiri. Lori. Mabasi manne ya wakimbizi yamepita wakati wa mapumziko.

Ijumaa, 19 Februari

Mvua alfajiri. Lori. Mélanie amepata tisa kati ya kumi za kuandika.

Jumatatu, 22 Februari

Siku ya mwisho ya kuhesabiwa. Mvua alfajiri, lori. Walter alifunga sanduku lake akatuaga. Mélanie alimpa embe. Nina matumaini makubwa, ingawa nimejifunza kutoyasema mbele ya Nyogokuru.

Ijumaa, 26 Februari

Sijui nianzie wapi. Nianze na kilichotokea.

Saa tisa kulikuwa na mkutano wa wazazi darasani kwetu. Nyogokuru alikaa dawati la mbele, miguu haikuenea chini yake. Mzee Gervasi, mwenyekiti wa kijiji, alifungua mkutano kwa maneno mengi. Kisha Mhandisi Christina akasimama na karatasi moja.

Alisema ameiacha nje siku ile ya kupunga mikono, maana watoto waliitokea droni, na kwamba sokoni, kwa wastani wa siku, wanavuka watu ishirini na wanane. Kwenye kona ya shule wanavuka watu kumi na mmoja.

Mwalimu Eliudi alisema, "Mhandisi, samahani. Darasa langu peke yake lina watoto zaidi ya hao wanaotoka upande wa juu."

"Mwalimu, nakuelewa. Lakini mimi nasoma picha. Siwezi kuandika nisichokiona."

"Basi picha hazioni vizuri."

"Zinaona mpaka kuku," Walter alisema. Hakusema kwa jeuri. Alionekana kama mtu anayesikitika.

Mhandisi alisema ripoti yake inaondoka Ijumaa ijayo, na kwamba mwakani wataangalia tena. Mwakani. Nyogokuru aliinuka, akamuaga mwenyekiti kwa kichwa, akatoka. Kwenye kona alimshika Mélanie mkono, akatazama kushoto na kulia kwa muda mrefu mno, tukavuka.

Nyumbani Mélanie aliniuliza kwa vidole: zebra inakuja? Tuna ishara yetu ya zebra, vidole vinne juu ya mkono. Nikamjibu bado.

Sasa ninachokifikiri. Nafikiri Mhandisi Christina ni mtu wa mjini anayeamini kioo kuliko watu. Nafikiri tulitii bure. Tungepunga mikono kila siku, labda angetuona.

Kumi na mmoja. Haiwezekani.

Jumamosi, 27 Februari

Nimejua.

Leo kulikuwa na jua, tukaanika turubai kwenye nyasi chini ya nyumba. Mimi nilikuwa juu kwenye kibanda cha kuku, nabadilisha bati lililotoboka. Nilimtafuta Mélanie kwa macho nisimwone. Nilitazama shambani, njiani, kisimani. Kuita hakusaidii. Nikaanza kuogopa. Ndipo turubai likatikisika na akatoka chini yake akiwa na vifaranga wawili na paka. Walikuwa humo muda wote, na mimi juu niliona kitu kimoja tu, cheupe, bapa.

Nilikaa palepale juu ya bati. Nikahesabu. Wenye miavuli upande wetu ni kumi. Wanaokwenda na lori ni ishirini na wanne. Katika siku zile kumi, mvua ilinyesha alfajiri siku tisa. Na siku zile ambazo mvua ilikuwa imekatika na droni ikaweza kuruka, ni mimi niliyesema tusitoke. Kama siku zote, nilisema. Mimi.

Nimemwambia Nyogokuru. Nilidhani atanigombeza. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Kwa hiyo ile nyigu imekwenda kuwaambia wakubwa kwamba hapa pana lori?"

"Si jambo la kucheka, Nyogokuru."

"Ni la kucheka," alisema, akajifuta macho. "Pasaka ni Pasaka. Lakini hili ni la kucheka."

Jumapili, 28 Februari

Baada ya ibada nilikwenda kwa Mwalimu Eliudi. Nilisema, "Shikamoo, mwalimu, nimefanya kosa," na nikaeleza lote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza, kisha akaingia ndani, nikamsikia akicheka na mke wake. Alirudi na uso wa kazi akampigia mhandisi simu palepale.

Wanakuja Jumanne.

Jumanne, 1 Machi

Walifika na kompyuta, wakaiweka juu ya meza ya mwalimu. Erica na mimi tuliruhusiwa kukaa mbele kwa sababu ni sisi dereva na utingo.

"Hiki hapa ndicho kilichoninyima raha," Walter alisema. Alituonyesha picha. Barabara ilikuwa kama utepe, na katikati ya utepe kitu cheupe cha pembe nne. "Kinatokea kila asubuhi kama saa moja na robo. Hakiji na barabara, kinaikata. Kinaingia shuleni na hakitoki. Mwendo wake kilomita tatu kwa saa. Nikaandika: lori moja, jeupe, bovu."

"Bovu?" Erica aliuliza. "Mimi naliendesha hilo lori tangu Novemba. Halijazima hata mara moja."

"Siku moja lilizima katikati ya barabara dakika nzima."

"Kandambili ya mtu ilikatika. Hiyo si injini, hiyo ni pancha."

Mhandisi Christina alikuwa ameinamia picha. Alipoinua uso niliona amechoka, na kwamba si mtu wa kuamini kioo kama nilivyoandika. "Ningepaswa kushuka kwenye gari asubuhi moja tu na kusimama pale barabarani," alisema. "Ningewasikia mnavyonguruma." Kisha akanitazama. "Wewe ndiye uliyewaambia wasitoke?"

"Ndiyo, dada. Ulisema tusibadilishe chochote."

"Nilisema," akakubali. "Ingekuwa wote wanafuata maagizo hivi, mimi ningekosa kazi."

Alisema hawezi kuandika ishirini na wanne kwa kusikia tu, ni lazima wawe kwenye picha. Watarudi keshokutwa, Alhamisi. Ripoti inaondoka Ijumaa. Droni haipandi mvua ikinyesha, na Alhamisi saa mbili ni lazima wawe safarini kwenda Kasulu.

Walipokuwa wanafunga, Walter alisema, "Kuna jambo jingine silielewi. Kati ya wale kumi na mmoja, mmoja havuki. Anakuja mpaka ukingoni, kwenye ule mchikichi, anasimama. Lori likishaingia shuleni, anarudi alikotoka. Kila siku."

Mwalimu alisema labda ni mtu anayeangalia michikichi yake. Mimi nilikuwa nawaza mvua tu.

Jumatano, 2 Machi

Mvua mchana. Mvua jioni. Erica anasema ametubu dhambi zote, hata zile za kusingiziwa.

Alhamisi, 3 Machi

Niliamka nikasikia bati. Mvua.

Tulikutana chini ya mteremko wote thelathini na wanne, chini ya turubai na miavuli, maana hata siku ya kuhesabiwa mtu halowi bila sababu. Tulikaa hatua chache kutoka barabarani. Ng'ambo, nje ya geti la shule, niliona gari la mhandisi, naye amesimama nje na mwavuli. Alikuwa ameshuka. Sanduku la droni lilikuwa limefungwa.

Saa moja na robo, mvua. Saa moja na nusu, kengele ya shule ikalia na hakuna aliyesogea. Mwalimu Eliudi alituonyesha mkono kwamba tusubiri. Darasa la pili waliacha kunguruma.

"Tuimbe?" mtu aliuliza.

"Tukiimba Mungu atadhani tunaifurahia," Erica alisema.

Kisha mabasi yakaja kutoka upande wa Kigoma, yakiwasha taa, moja baada ya jingine. Nilihesabu saba. Yalikuwa ya wakimbizi, yakielekea kambini, magodoro na mabeseni juu. Yalipita karibu kabisa na sisi. Kwenye kila dirisha kulikuwa na watoto, na kwa kuwa turubai letu ni kama lile watakalopewa kesho, nadhani walifikiri sisi pia tunaelekea huko. Msichana mmoja alibandika kiganja kwenye kioo. Mélanie alitoka katikati, akasimama mvuani, akampungia mpaka basi likapotea kwenye kona.

Nilikwenda kumrudisha ndani nikagundua kwamba sihitaji. Yale yalikuwa manyunyu tu, tena ya mwisho mwisho. Saa ya Mwalimu ilisema saa mbili kasoro dakika kumi na mbili.

Walter alikuwa ameshapiga magoti anafungua sanduku.

"Shusheni mzigo," Erica alisema, kwa sauti ya chini, na hakuna aliyehitaji kuambiwa tena. Tulikunja turubai kwa urefu, mara mbili, mara nne, likawa kama kamba nene nyeupe. Kila mtu akalishika, nusu mkono wa kulia na nusu wa kushoto, hata wenye miavuli walifunga miavuli wakashika. Mélanie alikuwa mbele yangu.

Droni ilipanda. Kuku wakalia. Mwalimu Eliudi alisimama katikati ya lami, mikono amenyoosha, akasimamisha baiskeli tatu za mawese na pikipiki. Tukavuka. Tulitembea polepole kuliko lori lenyewe, na nilikuwa nahesabu kichwani, kumi na tisa, ishirini, kwa mara ya kwanza nikiona vichwa na si visigino.

Sisi wengine husikia droni kwanza kisha tunaitafuta. Mélanie huitafuta. Katikati ya barabara aliinua uso, akaiona, akapunga mkono mrefu kuliko wote. Nilitaka kumkataza. Sikumkataza.

Walter alituambia baadaye picha ni safi. Waliondoka saa mbili na dakika tano, na mhandisi alikuwa na matope mpaka magotini.

Ijumaa, 11 Machi

Mwalimu Eliudi aliniita ofisini. Kona yetu imepita. Mhandisi ameandika kwamba kwetu wanavuka wengi kuliko sokoni, karibu wote ni watoto, na magari yanapita kwa kasi, wakati sokoni baiskeli za mawese zenyewe zinayapunguzia mwendo. Nilitaka kukimbia nje, lakini akasema, "Subiri, Lyse." Matuta na rangi havikai kwenye lami yenye maji. Kazi ni mwezi wa tano, mvua zikiisha.

Mwezi wa tano uko baada ya Pasaka.

Nyogokuru alinisikiliza mpaka mwisho. "Nimefurahi kwa ajili ya wote," alisema. "Lakini karatasi haisimamishi lori. Nilisema Pasaka."

Jumatano, 16 Machi

Mvua. Mélanie amejifunza kuandika "barabara".

Jumatatu, 21 Machi

Nimemwomba Nyogokuru tena. Amenionyesha vyombo vichafu. Nimeosha vyombo vyote.

Alhamisi, 24 Machi

Leo ilikuwa siku ya mwisho kabla ya Ijumaa Kuu, na niliamini ni ya mwisho ya Mélanie. Mwalimu wake alimpa chaki nzima aende nayo nyumbani.

Jioni gari la mhandisi lilisimama kwetu. Alikuwa anarudi kutoka Kasulu. Alimwamkia Nyogokuru, akapewa kiti na muhogo, akasema ametuletea zawadi ya nyumba. Ilikuwa picha kubwa kama mkeka wa sala, ya siku ile. Barabara, mstari mweupe wa turubai, na sisi tumepangana kama shanga. Vichwa thelathini na vinne. Mélanie peke yake ana uso.

Nyogokuru aliivuta karibu na mlango penye mwanga. Alimgusa Mélanie kwa kidole. Kisha kidole chake kikasimama.

Mimi niliona kwa wakati mmoja naye. Pembeni, chini ya mchikichi, kulikuwa na mtu. Anayetembea chini barabarani asingemwona kwa sababu ya shina. Kwa juu alikuwa wazi kabisa, kitenge cha njano na kijani, ndoo mkononi.

Kitenge hicho kilikuwa kwenye kamba, mbele yetu, kinakauka.

"Ndiye huyo," Mhandisi Christina alisema. "Walter amemtafuta mwezi mzima. Kila siku yupo, siku zote kumi."

Nyogokuru alikohoa. "Nilikuwa natafuta mboga."

"Barabarani, Nyogokuru?"

"Kuna mchicha mzuri pale."

"Kila asubuhi? Mvuani?"

"Mchicha hauogopi mvua," alisema. Mdomo ulianza kumcheza, akashindwa, akacheka, na mhandisi naye akacheka, na Mélanie, ambaye hakusikia hata neno, alicheka kuliko wote kwa sababu alikuwa amekiona kitenge.

Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa nakumbuka nilichoandika tarehe 12 Februari. Nimefikiria kukifuta. Mwalimu alisema tusifute, tuandike tena. Kwa hiyo naandika: Nyogokuru hakutaka Mélanie abaki nyumbani. Alikuwa amekwenda naye shule kila siku.

Mhandisi alipoaga, alimwambia Nyogokuru, "Bibi, kona ile inahitaji mtu wa kusimamisha magari mpaka mwezi wa tano. Wewe unafika kila siku tayari. Ungesogea mbele hatua nne tu."

Baadaye nilimkuta Nyogokuru amekunjua turubai uani, kisu mkononi, anapima kona moja.

Jumanne, 29 Machi

Pasaka imepita. Baba na mama walikuja, tukala samaki.

Asubuhi hii mvua ilinyesha na tulikwenda na lori. Lori sasa lina pengo kwenye pembe ya nyuma, na maji yanamwingilia utingo shingoni. Silalamiki. Barabarani Nyogokuru alikuwa amesimama mbele ya mchikichi, hatua nne kamili, na bendera nyeupe kwenye mpini wa jembe. Aliinua. Lori la mahindi lilipunguza mwendo, likasimama. Dereva alitoa kichwa nje.

"Bibi, shikamoo. Nani amekupa kazi hiyo?"

"Marahaba. Nyigu," Nyogokuru alimjibu, na akatupungia tupite.

"Mzigo umekaa?" Erica aliuliza.

Mélanie alikuwa amekaa katikati.

Jumanne, 26 Aprili

Mvua. Nyogokuru amewafundisha waendesha baiskeli wa mawese kusimama kwa mstari. Mzee Gervasi amekuja kutazama.

Ijumaa, 20 Mei

Hakujanyesha kwa siku tisa, na daftari limebaki na ukurasa huu. Mwalimu amesema ninaweza kufunga.

Zebra ilikauka jana. Mistari ni tisa. Nyogokuru aliikagua kwa kuikanyaga mmoja mmoja, akasema huu wa tano umepinda, akarudi nyumbani na kuegemeza bendera nyuma ya mlango.

Leo Mélanie aliomba avuke peke yake. Alisimama ukingoni, akatazama kushoto, kulia, kushoto tena, kama alivyofundishwa. Pikipiki ilisimama. Akavuka, hakukimbia, akihesabu mistari kwa vidole, na alipofika upande wa pili alitazama juu kwa mazoea ingawa hakuna kitu angani.

Mimi nilikuwa nimebaki nyuma. Mchikichi ule ni mwembamba. Kwa upande mmoja ulitokeza ukingo wa kitenge cha njano na kijani, na kwa upande mwingine ndoo.

Nikapita kana kwamba sikuona, nikaenda darasani.